TAHADHARI kwa wenye Honda CG125 za zamani: kabureta zinabadilishwa Morogoro

Ndugu zangu, kama una pikipiki ya zamani na unapita Morogoro mjini, soma hii kabla hujaikabidhi kwa fundi. Karibu na stendi ya Msamvu yuko fundi mwenye duka la spea palepale. Anakwambia kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) imekufa, anakuuzia feki kwa jina la orijino, halafu ile yako nzima anaibakiza aiuze.

Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa natoka Mikumi. Mafuta yakaniishia karibu na Doma, nikanunua chupa ya lita 1.5 barabarani, mvua ikinyesha. Sikufika mbali pikipiki ikaanza kumisi: inavuta, inakata, inavuta tena. Nilifika mjini nimechoka kwa kupiga kiki.

Yule fundi aliisikiliza injini kidogo tu. "Kaka, kabureta imekufa hii, imelika ndani. Ninayo orijino ya Mjapani, boksi halijafunguliwa." Shilingi 85,000 pamoja na ufundi. Nikaenda kula wali hapo jirani, na ndipo nilipokosea. Niliporudi, mpya ilikuwa imeshafungwa. Nikaomba ya zamani, akasema ameshaitupa, chuma chakavu.

Siku ya tatu ikamisi vilevile. Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa siku nyingi. Hakufungua kitu. Alifunga koki ya mafuta, akakinga chupa ya kioo chini ya kabureta, akalegeza skrubu ya chini ya bakuli, yaani kile kikombe cha chini ya kabureta kinachokaa mafuta. Mafuta yakashuka, tukayaacha yatulie. Baada ya dakika chache yakajitenga: juu petroli, chini maji meupe ya upana wa kidole. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, na jeti kubwa (kitundu kinachopitisha mafuta kwenda kwenye injini) huchota hukohuko chini. Tukamwaga tenki lote, tukasafisha chujio la koki, ikawaka kiki ya pili. Kabureta yangu haikuwa na ubaya wowote.

Ile "orijino" sasa. Yangu ilikuwa na jina la Keihin, kampuni ya Kijapani ya kabureta, ubavuni, limetoka na chuma chenyewe. Hii haina jina, ina alama ya PZ27 tu, alama iliyozoeleka kwenye nakala za Kichina. Sina ugomvi na nakala, wengi wanazitumia na safari zinakwenda, lakini ziuzwe kwa jina lake na bei yake. Hii niliyouziwa hata sindano ya floti (boya linalofunga mafuta bakuli likijaa) haizibi. Usiku petroli inadondoka kwenye kile kimpira cha chini, asubuhi chumba kizima kinanuka. Plagi nyeusi kama mkaa.

Jumatatu nilirudi dukani. Kwenye kabati la vioo nikaiona yangu. Pikipiki hii ni ya marehemu baba, aliitumia miaka mingi akiwa bwana shamba Kilosa, na skrubu moja ya bakuli ilipokatika aliweka boliti ya spana namba 8. Boliti ile ipo, na mkwaruzo wa bisibisi pembeni yake upo. Bei imebandikwa: 120,000. Nikatoka kumwita mjumbe. Tuliporudi, kabati lina nafasi tupu, kijana wa dukani anasema imeshanunuliwa. Nimesharipoti polisi, ndiyo maana jina la mtu wala la duka silitaji hapa.

Anatupata kwa sababu mafuta mabaya na kabureta mbovu dalili zake zinafanana. Kwa hiyo anza na mafuta. Injini ikiwa imepoa, mbali na moto na sigara, mwaga bakuli kama alivyofanya mzee. Dondosha kidogo kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (kemikali za utambuzi) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya uchakachuaji huu, lakini ya chupa za barabarani nani anayapima? Pikipiki ikizima kila baada ya dakika 10 au 15, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia hewa inaingia fyuu, kisha ikawaka, tundu la mfuniko ndilo limeziba. Ikiwaka kwa choki tu na haishiki sailensa, yaani inazima ukiachia mafuta, mara nyingi ni jeti ndogo. Ipulizwe kwa kompresa, msiichokoe kwa waya, tundu likipanuka itakunywa mafuta hadi ujute. Ikimwaga mafuta, gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi, huenda floti imekwama tu.

Na kabureta ikibidi itolewe, piga picha kwanza, kaa palepale, na spea yako ya zamani uondoke nayo hata kama imekufa kweli. Njaa itasubiri.

Mwisho, naomba sana. Kama wiki hizi umenunua kabureta ya CG iliyotumika pale Morogoro, ina jina la Keihin, bakuli lina skrubu za kawaida na boliti moja ya namba 8, niandikie. Sikulaumu, hukujua. Pesa uliyotoa nitakurudishia yote, nipate ile ya baba.