Uzoefu wangu: nimesoma digrii ya biashara ya wenyeji asilia Saskatoon, nikiwa Mmasai peke yangu darasani

Watu wananiuliza hii kitu kila siku kwa inboksi, eti ile digrii ya biashara ya "wenyeji" huko Kanada ikoje, inasaidia ama ni karatasi tu, basi wacha niandike mara moja tumalizane. Mimi ni mtoto wa Kajiado, nimekaa Saskatoon miaka minne na nimemaliza. Jina la chuo naliacha kwa sababu huko chini kuna mahali nitalalamika na sitaki maneno.

Kwanza muelewe ni kitu gani. Ni usimamizi wa biashara kama ule wa kawaida, uhasibu upo, maketing ipo, takwimu ipo (hiyo nilirudia), ila imepangwa kwa ajili ya wanafunzi wa Mataifa ya Kwanza, Wametis na Wainuit, yaani wale waliokuwa kwa hiyo ardhi kabla mzungu hajashuka kwa meli, na Wametis ni uzao wao waliochanganyika na wazungu. Wengine wanaruhusiwa kujiunga pia, ndio maana hata mimi niliingia. Nilipomwambia mama kwa simu kwamba muhula huu tunasoma Sheria ya Wahindi akanyamaza kidogo halafu akauliza, Wahindi wa duka wanatafuta nini huko kwa baridi? Nikamweleza ni Columbus alipotea, akadhani amefika India, jina likabaki mpaka likaandikwa mwaka 1876 kwa sheria ya kuwasimamia hao wenyeji, na liko hapo hadi leo. Akasema huyo alikosa tu mtu wa kuuliza njia.

Sitawadanganya eti nilikuwa na mpango. Niliomba vyuo vitatu, hiki ndicho kilijibu haraka. Wiki ya kwanza nikajiuliza nimefuata nini. Tunaingia ukumbini tunakuta nyanya mmoja amewasha majani ya seji kwa bakuli, moshi unazungushwa, kila mtu anauvuta kwa mikono kichwani na kifuani, halafu ndio somo linaanza. Mimi nimelelewa kanisani nikawa nimesimama kama nguzo. Lakini ule moshi ukanikumbusha kitu, nyumbani kibuyu cha maziwa tunakisafisha kwa kijiti cha oloirien kilichochomwa, na harufu ya kitu kinachoungua ili kisafishe naijua tangu utotoni. Huyo nyanya wanafunzi wote wanamwita kokum, ni bibi kwa Kicree, lugha ya wenyeji wa huko. Sisi kwa Kimaa tunasema koko. Nilipomwambia alicheka mpaka akashika meza, na kuanzia siku hiyo nikawa mjukuu.

Wazee kama yeye ni sehemu ya kozi, sio mapambo. Wana ofisi, unaenda ukikwama na masomo ama ukikwama na maisha, lakini hauendi mikono mitupu, unapeleka tumbaku. Mara ya kwanza nilizunguka dukani kama mwizi, sijawahi kununua tumbaku maishani, halafu nikawaza si hata wazee wetu unawapelekea ugoro kabla hujafungua mdomo.

Sasa tuje kwa kitu kilichonifanya nisihame hiyo kozi, ilikuwa mwaka wa pili, somo la fedha. Lekchara akatupa kazi, andika mpango wa kufungua stesheni ya mafuta ndani ya rizavu (ardhi iliyotengewa wenyeji), tafuta mkopo. Mimi haraka haraka nikaandika dhamana ni ardhi. Akaweka duara jekundu. Kumbe kifungu cha 89 cha hiyo Sheria ya Wahindi kinasema mali ya Mhindi iliyo ndani ya rizavu haiwezi kuchukuliwa wala kuwekwa rehani kwa mtu asiye Mhindi. Iliwekwa ili ardhi isinyakuliwe, sawa, lakini ndio hiyo hiyo inafanya benki ikuangalie tu. Una ardhi kubwa na hauna dhamana. Darasa zima walikuwa wanalijua hilo tangu nyumbani, mimi ndio nilikuwa nashtuka.

Nilishtuka kwa sababu kwetu tulienda njia ya pili. Sheria ya 1968 ilileta ranchi za vikundi, ardhi ikawa na hati moja ya wote, halafu kuanzia miaka ya 1980 zikaanza kugawanywa kila mtu na kipande chake ili eti tuweze kukopa na kuendelea. Tukakopa, tukauza pia. Sehemu nilizochunga mbuzi nikiwa mdogo leo kuna geti na mbwa mkali, na mjomba wangu aliyeuza ekari zake amebaki na pikipiki moja ambayo haiwaki. Kwa hiyo kila mara nilikuwa najua majibu mawili tu, ama uweke ardhi rehani uipoteze, ama ukae nayo maskini.

Pale darasani ndio nikasikia la tatu. Saskatoon yenyewe, ndani ya mji, kuna kipande cha ardhi ya taifa la Muskeg Lake Cree kilichofanywa rizavu mwaka 1988. Ukipita hapo utaona maofisi na biashara za kawaida tu, hautajua umevuka mpaka. Wanachofanya ni hivi, watu wa taifa wanapiga kura kutenga ardhi kwa ajili ya kupangisha, ardhi inabaki yao, lakini ule mkataba wa kupanga ndio unaweza kuwekwa rehani benki. Mwenye biashara akianguka benki inachukua miaka iliyobaki ya kupanga, haichukui ardhi. Na wamekubaliana na mji, wanalipia huduma kama maji na zimamoto. Nilirudia hiyo slaidi usiku mara tatu nne hivi. Nikampigia kaka yangu Kajiado saa kumi na moja alfajiri kwao, akanitukana, lakini asubuhi akapiga yeye akiuliza hiyo kitu ya kura inaendaje, kwa sababu Kenya tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 na ukoo wa mke wake bado wana ardhi haijagawanywa.

Historia inasomwa pamoja na biashara, haiko kozi ya pembeni. Mfano kuna ile dhana kwamba hawa watu hawakujua kilimo, kumbe baada ya mikataba yao ya ardhi na serikali walilima ngano wakaanza kuuza, halafu serikali ikawawekea vibali, hauwezi kuuza mazao yako ama ng'ombe wako bila karatasi ya afisa. Mkataba wa Sita, ule wa 1876 unaohusu hiyo Saskatoon, kila mtu anapewa dola 5 kwa mwaka, na mpaka leo ni dola 5. Lekchara alitupa asainmenti tupige hesabu ya mfumuko wa bei kwa hizo dola 5, dada mmoja nyuma akasema yeye zake amezitumia kununua chipsi nusu. Darasa likacheka lakini sio kile kicheko cha raha. Mimi pia nikapewa nafasi nikaeleza mikataba ya Wamasai ya 1904 na 1911, tulivyohamishwa kutoka Laikipia, na kesi ya 1913 ikatupwa kwa sababu eti ule ni mkataba wa kati ya mataifa mawili, mahakama haiwezi kuugusa. Wao haki za mikataba zimeingia kwa katiba yao mwaka 1982. Hapo niliona wivu, nasema ukweli.

Mabaya sasa. Kozi ni ndogo, masomo ya kuchagua yanafutwa kwa kukosa watu, mimi nilisubiri somo moja mwaka mzima na ofisi inakujibu imeili baada ya wiki mbili. Uhasibu ni wa juu juu, ukitaka kuwa mhasibu kamili utaongeza masomo mengine kwanza. Karo ya mgeni ni mara kadhaa ya ile ya mwenyeji na hakuna wa kukuonea huruma. Na msidanganywe kwamba wenzetu wanasoma bure, pesa ya serikali inapitia kwa bendi zao (bendi ni serikali ya taifa dogo, si ya muziki) na haitoshi wote, nimesoma na mama wa watoto watatu aliyesubiri foleni miaka miwili.

Kingine, wewe ni mgeni na utabaki mgeni. Tarehe 30 Septemba watu wanavaa mashati ya rangi ya chungwa kukumbuka watoto wa wenyeji waliopelekwa kwa lazima kwa zile shule za bweni za makanisa na serikali, za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, kwa hiyo ni wazazi wa wenzako, sio hadithi za kale. Siku hiyo nilikaa kimya nikahudumia chai. Kuna Mwafrika mwenzangu alianza kulinganisha na ukoloni wetu kwa sauti, kokum akamwangalia tu, akaacha.

Kazi je? Nilirudi Nairobi, kwa intavyuu moja jamaa akaisoma ile digrii akauliza "wenyeji asilia" ni mambo ya utalii? Sikuipata. Nyingine nimepata, ni ushirika wa wafugaji, na walichouliza zaidi ni ile habari ya kupangisha bila kuuza. Mshahara ni wa kawaida.

Naipa nyota nne, ya tano imechukuliwa na ile ofisi ya imeili. Kama unataka benki kubwa ama Dubai usiende huko, soma biashara ya kawaida. Kama kwenu bado kuna ardhi ya ukoo na mnagombana ifanywe nini, fikiria. Beba viatu vya theluji vya maana, Januari inafika nyuzi 35 chini ya sifuri na vile vya mitumba vya Gikomba havifiki hata stendi ya basi. Maswali ya viza msiniulize, mimi mwenyewe mara ya kwanza nilinyimwa.