Enterogermina baada ya antibaiotiki: imenisaidia, ila msiichukulie poa

Jamani, mwezi uliopita niling'olewa jino nikapewa antibaiotiki za siku 7, siku ya tatu tu tumbo likaanza kuendesha, chooni mara tano sita kwa siku na ni maji matupu. Mfamasia wa mtaani kwetu akanipa Enterogermina, vile vichupa vidogo vya plastiki vya mils 5, akasisitiza dozi ya jino nisiikatishe.

Kwa wasioijua, ndani kuna bakteria wazuri wanaitwa Bacillus clausii, bilioni 2 kila kichupa, ila wako kama mbegu, wamelala ndani ya ganda gumu. Hilo ganda ndo linawavusha kwenye asidi ya tumbo mpaka utumboni wanakoamka, na ndo maana dawa haitaki friji, kwa joto la Dar na umeme wetu mimi hilo limenifurahisha sana. Tena wanahimili antibaiotiki kadhaa, unachofanya ni kunywa katikati ya dozi na dozi, mimi antibaiotiki saa 1 asubuhi, kichupa saa 5. Mtu mzima ni vichupa 2 hadi 3 kwa siku. Ladha hakuna, kama maji tu. Unatikisa kwanza, na ukiona vijichembe vyeupe usitupe, ndo bakteria wenyewe wameshikana. Ukikifungua kimalize.

Siku ya pili nikaona nafuu, ya nne choo kikakaa sawa. Siwezi kuapa ni yenyewe peke yake maana na ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) nilikuwa nakunywa muda wote.

Sasa kilichonikera. Nilienda duka jingine kuongeza vichupa, kijana wa kaunta akaniuliza kama nina bomba la sindano! Kweli kichupa kinafanana na dawa ya sindano, lakini hii ni ya KUNYWA tu, kuna watu walichomwa wakapata mzio mkali wa kuhatarisha maisha na onyo limeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Halafu nikamsikia anamwambia mama mmoja mwenye mtoto anayeharisha kwamba akimpa hii, ORS ya nini tena. Nikashindwa kunyamaza, nikamwambia dada, mtoto anayeharisha kinachomuua ni kuishiwa maji, mpe ORS na zinki, mg 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, chini ya miezi 6 ni mg 10, hii ni ya kusaidia tu. Na ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani au hataki kunywa, hapo hospitali moja kwa moja.

Kingine ambacho wauzaji wengi hawasemi, hawa bakteria ni wazima, kwa mtu mwenye kinga iliyoshuka sana, mahututi au mtoto njiti, imeshatokea wakaingia kwenye damu na kuleta maambukizi makubwa. Ni mara chache ila imetokea. Mama yangu yuko kwenye matibabu ya saratani, juzi tumbo likamsumbua hivyo hivyo na vichupa vinne nilikuwa navyo kabatini. Sikumpa. Nikampigia daktari wake, akasema hiyo muache, mleteni leo apimwe.