Siku Tano Addis Ababa Katikati ya Mvua: Uzoefu Wangu na Kifurushi cha Agosti

Nianze na nyota, maana najua wengi mnasoma hizo tu. Mji wa Addis Ababa mwezi wa Agosti: nne na nusu. Wakala wa hapa Mombasa aliyeniuzia kifurushi: mbili, na hiyo ya pili nimempa kwa sababu tiketi zilikuwa sawa. Jina lake silitaji, tungali tunazungumza.

Mimi ni mtu wa Kibokoni, nina kiduka cha vitambaa. Safari hii niliitaka ya Januari. Wakala akanivunja moyo: Januari kuna Timkat, sikukuu yao ya ubatizo, watu wanamiminika kutoka kila pembe, Februari marais wanakuja mkutanoni Umoja wa Afrika, na hoteli hazishikiki. "Nenda Agosti, mama, bei iko chini," akaniambia. Iko chini kwa sababu ni kilele cha masika yao, wanayaita kiremt. Sisi masika yetu tumeshayasahau kufikia mwezi huo, wao ndio yanawanyeshea, Juni hadi Septemba. Nikasema sawa. Mvua si moto.

Nikamchukua mtoto wa kaka yangu, yuko chuo kikuu na alikuwa likizo. Tukaenda soko la Kongowea kununua masweta ya mitumba. Kama hujui, sweta zito Kongowea halina mteja, utapata zuri kwa bei ya chapati na maharage. Langu lilikuwa la kiume, jeusi, na Mungu anajua lilinisitiri.

Pasipoti ya Kenya haihitaji viza Ethiopia, kwa hiyo hapo hapana usumbufu. Ndege ya Ethiopian ilitutoa Mombasa moja kwa moja, muda wa saa mbili na ushei, tukashuka uwanja wa ndege wa Bole tarehe 15. Dereva aliyeahidiwa kutungoja hakuwepo. Alikuja baada ya dakika arubaini, kijana mpole, akaomba radhi mpaka nikamwonea haya. Gari lake la umeme. Nchi ile imezuia kuingiza magari ya petroli tangu 2024, na utaona barabarani yanapita kimyakimya kama paka.

Sasa habari ya pumzi. Addis iko mita 2,355 juu ya bahari. Mimi nyumbani nikifungua dirisha, bahari iko pale chini ya ukuta. Hoteli yetu ilikuwa na chumba cha ghorofa ya tatu na lifti iliyobandikwa karatasi, kwa maandishi yao tusiyoyasoma, lakini maana tuliielewa. Nilipanda ngazi za kwanza kwa maringo. Ghorofa ya pili moyo ukawa unapiga kama ngoma ya harusi. "Shangazi, keti kwanza," mtoto akaniambia, na yeye mwenyewe ameshika ukuta. Siku ya kwanza basi ndiyo imekwisha, ni maji, chai na blanketi. Wakala hakunieleza hili hata kidogo, na alikuwa ameipanga siku hiyo hiyo kuwa ya kuzunguka Mercato, soko lao kubwa, kwa miguu. Tukaiahirisha wenyewe.

Chumba kilikuwa safi. Kile kipasha joto kilichoandikwa kwenye karatasi ya kifurushi hakikuwepo. Usiku baridi inashuka hadi karibu nyuzi 10, na maji ya udhu alfajiri, wallahi, ni mtihani wa imani.

Lakini kilichonifanya niandike ni saa.

Waethiopia wanahesabu saa kama sisi. Jua likichomoza ni kumi na mbili, baada yake ni saa moja, mbili, tatu. Tangu nizaliwe nimeambiwa hii ni hesabu ya Waswahili peke yetu, na wageni wakija Mombasa tunawacheka wanavyochanganyikiwa. Kumbe tuna ndugu mlimani. Saa ya ukutani pale mapokezi ilisema saa tatu asubuhi kwa mishale yake yenyewe, bila kugeuza kichwa chini. Nilisimama kuitazama kama mtu aliyekuta picha ya babu yake kwa jirani. Kuna Mzungu mmoja alikuwa anabishana na msichana wa mapokezi kuhusu saa ya kifungua kinywa. Mimi nikapita nikaketi kula.

Kiburi kikanipata. Jioni ya pili dereva akanipigia kuhusu safari ya mlima Entoto, iliyolipiwa kwenye kifurushi. Kwa Kiingereza akaniambia atakuja kesho "two o'clock". Sisi wa Pwani tumezoea: ukisikia namba kwa Kiingereza, unaongeza sita. Two ni saa nane mchana. Nikalala hadi nilipotosheka. Kumbe naye alikuwa ametafsiri namba tu, hesabu ameiacha ya kwao: saa mbili asubuhi. Alikuja, akangoja, akapiga simu iliyokuwa imezimwa inachajiwa, akaondoka. Mimi saa nane mchana niko mlangoni na sweta langu, mvua inamwagika, na baada ya dakika chache ikawa mvua ya mawe, inagonga mabati kama watoto wanaotupa kokoto.

Na hapo ndipo utakapoielewa Agosti ya Addis. Asubuhi nyingi kuna jua, hewa imeoshwa, milima unaiona. Ikifika adhuhuri mawingu yanakusanyika, na alasiri inanyesha kwelikweli, njia zinageuka mito. Siku yako ni ile asubuhi. Ukiipoteza, umepoteza yote. Wakala angenieleza mambo mawili tu, saa na mvua, nisingekuwa na neno naye. Nilipodai nirudishiwe pesa za Entoto akasema nimehesabiwa kama mteja aliyekataa kwenda.

Entoto tulikwenda wenyewe siku ya nne, kwa teksi ya kuitwa kwa simu, na tulitoka saa moja unusu. Mlima huo unapita mita 3,000. Mfalme Menelik wa Pili alikaa huko juu kabla mji haujateremka bondeni. Mkewe, Malkia Taytu, ndiye aliyependezwa na huko chini kwenye chemchemi za maji moto, na mwaka 1886 ukaanzishwa mji akauita Addis Ababa, yaani ua jipya. Miti ya mkaratusi imejaa kila mahali. Ililetwa kutoka nje kwa sababu kuni zilikuwa zimekwisha, na harufu yake baada ya mvua inafungua kifua kuliko dawa yoyote ya duka. Tuliwakuta wanawake wanateremka na mizigo ya kuni mgongoni, mirefu kuliko wao, na mimi niliyekuwa nahema bila mzigo nikanyamaza. Ukungu ulitufungukia kama robo saa, tukauona mji wote, kisha ukafunga.

Alasiri za mvua tuliziweka kwa majumba ya makumbusho. Makumbusho ya Taifa wanaonyesha Lucy, ambaye wao wanamwita Dinkinesh, "wewe ni wa ajabu", mifupa ya jamaa wa kale wa binadamu iliyopatikana Hadar mwaka 1974, ya miaka milioni 3.2. Unayoiona kwenye kioo ni nakala. Ya asili huhifadhiwa pembeni. Mtoto alivutiwa, mimi niliona mifupa midogo. Kilichonishika ni jengo la kumbukumbu ya vita vya Adwa kule mtaa wa Piassa, lililofunguliwa 2024. Waliwashinda Waitaliano mwaka 1896, na unapotembea mle ndani unahisi watu wanaokutazama wanalijua hilo. Mimi natoka mji ambao Ngome ya Yesu ilijengwa na wageni kutulenga sisi mizinga. Nilitembea polepole.

Chakula. Kwa Muislamu hili ni muhimu, soma vizuri. Kule bucha za Waislamu na za Wakristo ni mbalimbali, kila upande hauli nyama ya mwenzake. Wakala aliandika "vyakula vya halali", lakini mkahawa tuliopelekwa ulikuwa na picha ya Bikira Maria juu ya mizani ya nyama. Ila tulibahatika. Kuanzia tarehe 7 hadi 21 Agosti Wakristo wao wa Orthodoksi wako kwenye mfungo wa Filseta, hawali nyama, maziwa wala mayai. Kila mahali unapata sinia la beyaynetu: dengu, mboga, viazi, shiro ya unga wa kunde za aina aina, juu ya injera. Injera ni anjera ya Wasomali unayoijua, lakini kubwa, laini zaidi na yenye uchachu wa unga wa teff, nafaka yao. Siku ya kwanza mtoto alikunja uso. Siku ya tatu alikuwa anagombea ukingo. Mama mwenye mkahawa alimkunjia tonge akamtia kinywani mwenyewe, wanaita gursha, na kukataa ni kumkosea adabu.

Nyama tuliila Mercato, karibu na Msikiti wa Anwar, tuliposwali adhuhuri. Mercato nenda na viatu vya kuchafuka na pochi ndani ya nguo. Nilinunua ubani, sitasema kiasi, mume wangu anasoma.

Na kahawa. Ile ya sherehe, si ya mashine. Msichana wa mapokezi alitualika jioni moja umeme ulipokatika. Ametandaza majani mabichi sakafuni, amefukiza ubani, anakaanga buni mbele yetu. Wao wanasema buna. Sisi buni. Mikono haina haraka. Tunapewa bisi badala ya kashata, na vikombe vidogo visivyo na sikio, ndugu wa finjani zetu. Raundi tatu: ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu nikamwuliza inaitwaje. Akasema, "Baraka." Nikamwambia mwanangu, hilo huna haja ya kunitafsiria.

Tarehe 19 ilikuwa sikukuu yao ya Buhe. Watoto walipita mlango kwa mlango wanaimba na kugonga fimbo chini, wanapewa mkate na vijisenti, kama wetu wanavyodai idi. Hii hakuna brosha iliyonitajia, nami ningeilipia peke yake.

Mambo madogo: mabango ya M-Pesa utayaona, huduma ilianza kule 2023, lakini laini yangu ya Kenya haikuninunulia hata chai. Beba dola, badilisha benki. Siku zile birr, pesa yao, na shilingi yetu zilikuwa zinakaribiana, kwa hiyo hesabu si ngumu. Risiti zinaandikwa kwa kalenda yao, Agosti wako nyuma yetu miaka 8. Ya teksi nimeihifadhi, inanionyesha kijana. Na dereva usimwulize saa kwa Kiingereza. Mwulize asubuhi au mchana, kisha mwonyeshe simu.

Ningerudi Agosti tena? Naam, tarehe zile zile, ila hoteli nitaitafuta mwenyewe, ya chini. Kuhusu pesa za Entoto, wakala amesema nimpigie Jumatatu. Sikumwuliza ya kalenda ipi.