Kondensa za klima kwenye Boxster, Lubumbashi: uzoefu wangu

Kwanza matokeo, kwa wenye haraka. Nimeweka kondensa mbili mpya (sehemu zinazopoza gazi), draya mpya (chupa ya kunyonya unyevu) na oringi mpya (pete za kuziba viungo), gazi imepimwa kwa mizani, na klima, yaani kiyoyozi, ya gari langu sasa inatoa hewa ya nyuzi 7 wakati nje ni nyuzi 33. Sehemu ngumu ya kazi haikufanywa na karakana ya magari ya Ulaya. Aliyeifanya ni fundi wa frigo wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, mtu anayeishi kwa kutengeneza friza za wauza samaki na vyumba vya baridi vya mabucha. Kama una gari la spoti hapa Lubumbashi na klima yake inakufa tena na tena, tafuta mtu wa aina hiyo.

Gari ni Porsche Boxster ya mwaka 2003, kizazi kile cha 986, injini ya lita 2.7 yenye silinda sita zilizolala, imekaa nyuma ya viti. Wengi wakishajua injini iko nyuma hudhani klima nayo iko nyuma. Ni kweli nusu tu. Kompresa, ile mashine inayosukuma gazi, imefungwa kwenye injini, lakini kondensa ziko mbele kabisa, moja kila pembe, zimesimama mbele ya rejeta mbili ndani ya yale matundu makubwa ya bampa. Gazi inasafiri kwa mabomba ya alumini urefu mzima wa gari, inapozwa mbele mpaka inageuka kimiminika, ndipo inaingia kwenye dashibodi kutupoza sisi. Matundu yenyewe yako chini, karibu na lami, na chochote kinachopeperuka barabarani kinaingia humo na kubaki.

Mji wetu nao haukosi vya kupeperusha. Kiangazi chote ni vumbi jekundu. Ifikapo Septemba na Oktoba jakaranda zinamwaga maua na vijani vyake vidogo, na huwezi kuegesha chini ya kivuli bila kuondoka na mzigo. Kisha mvua za kwanza zinalowesha kila kitu. Tulipovua bampa, kati ya kondensa na rejeta palikuwa na tope jeusi la majani, mfano wa machicha ya chai yaliyosahauliwa chini ya birika. Tope hilo linashika unyevu juu ya alumini miezi na miezi, na alumini inaliwa taratibu. Gari langu lilitoka Ubelgiji, ambako wakati wa baridi barabara humwagwa chumvi, kwa hiyo ugonjwa ulianza huko. Jakaranda zetu zimemalizia.

Kabla ya fundi wa frigo palikuwa na karakana nyingine, siitaji. Huko dawa ilikuwa moja: kujaza gazi. Dola 50, hewa inakuwa baridi, unashukuru, unaondoka. Siku zinapita, klima inaanza kutoa pumzi ya vuguvugu ukiwa umekwama kwenye foleni ya Chaussée de Kasenga, unarudi, unalipa tena. Safari ya mwisho walimimina ndani dawa ya kuziba matundu bila kuniuliza, nikaiona tu kwenye fakture. Nasisitiza hili la dawa kwa sababu linakufungia milango. Mwenye mashine ya kisasa ya kunyonya gazi alipoisikia tu habari hiyo alikataa kabisa kuunganisha mipira yake kwenye gari langu, na nampa haki: dawa hiyo ikikutana na hewa na unyevu huganda, na ikigandia ndani ya mashine, mashine imekwisha.

Kujaza bila kutafuta tundu kuna hasara kubwa kuliko hizo dola 50. Mafuta ya kulainisha kompresa yanatembea pamoja na gazi. Kinachovuja si gazi peke yake, mafuta nayo yanatoka, na kompresa inazidi kukaukiwa. Kuna swichi ya presha inayozima kompresa gazi ikipungua sana, lakini haipimi mafuta. Kompresa ikisagika inatapika vipande vya chuma kwenye mfumo wote, na hapo bili inakuwa ya aina nyingine.

Fundi wa frigo alisikiliza historia yote hiyo akacheka kidogo. “Papa, motokari haikulake gazi,” akaniambia. “Kama inapunguka, iko fasi inatokea.” Yaani gari halili gazi; ikipungua, kuna mahali inatokea. Hakugusa chupa ya gazi. Gazi kidogo iliyobaki aliivutia kwenye chupa yake ya taka, kisha akaleta naitrojeni, ile anayotumia kupima mabomba ya vyumba vya baridi, akapandisha presha taratibu mpaka kama bari 12. Akapaka povu la sabuni. Kondensa ya kulia ilitoa mapovu kwenye kona ya chini, pale pale palipokuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi. Ya kushoto haikutoa povu lolote, ila manometa, kile kipimo cha presha, iliendelea kushuka hata baada ya ile ya kulia kutengwa. Tulipoimulika kwa taa ya urujuanimno, ile rangi ya kung’aa iliyowekwa na karakana ya kwanza (kitu kimoja chema walichofanya) ilionekana imetambaa nyuma ya mapezi, vile vibati vyembamba vya kondensa. Hata kama ingekuwa nzima, ningebadilisha zote mbili. Zimezeeka pamoja, zimekula majani yale yale, na kuvua bampa ni kazi ile ile.

Vipuri niliagiza Ulaya, vikaja kwa ndege hadi Luano. Kwa gari hili utakuta Mahle Behr, utakuta Nissens ya Denmark, na utakuta majina yasiyojulikana kwa nusu ya bei. Nilichukua za katikati, dola 170 kila moja kabla ya usafiri. Sanduku moja lilikuwa limewekewa mizigo juu njiani na mapezi ya kona yalilala. Tuliyanyoosha kwa kitana maalumu cha mapezi, hayakutoboka. Ukipokea zako, angalia kama vizibo vya plastiki bado viko kwenye midomo ya mabomba. Bila vizibo, unyevu na vumbi vimeshaingia. Kwa draya, ile chupa ndogo yenye chembechembe za kunyonya maji, uwe mkali zaidi: ifunguliwe dakika za mwisho kabisa. Ikikaa wazi usiku mmoja wa masika imeshashiba, na umenunua kopo tupu.

Kuvua bampa hakuhitaji uchawi. Kuna skrubu za Torx juu chini ya boneti, nyingine chini ya tumbo, nyingine ndani ya matao ya magurudumu, na soketi za taa za pembeni. Maji ya rejeta hatukuyagusa. Kilichotuchelewesha ni bolti zinazoshika kondensa kwenye mabano yake: kutu ya Ulaya ilikuwa imezikaza, mbili zikakatika shingo, ikabidi kutoboa na kuweka mpya. Nunua bolti za chuma kisichoshika kutu mapema na upake grisi ya shaba, utamrahisishia kazi atakayezifungua baadaye.

Hapo kwenye mafuta ndipo nilipobishana na fundi wangu, kwa heshima. Yeye alitaka kutumia mafuta anayoweka kwenye friza zake. Hoja yake ilikuwa kwamba gazi ni ile ile, R134a, na friza zake hazijawahi kulalamika. Gazi ni ile ile kweli, lakini friza za R134a hutumia mafuta ya aina ya POE, na kompresa ya gari hili imetengenezewa mafuta ya aina nyingine, PAG. Nilikuwa nimeagiza kopo dogo la PAG pamoja na kondensa. Aliligeuzageuza, akasoma, akasema, “Bon, motokari ni yako, papa,” akalitumia. Alipima kwa bomba la sindano: kiasi kwa kila kondensa, kiasi kwa draya, na tone la kulainishia kila oringi kabla ya kukaza. Ukienda kwa fundi wa frigo, nenda na mafuta yako. Hilo ndilo pengo pekee nililoliona kwake, na linazibwa na kopo moja.

Halafu vakumu. Hapa ndipo karakana nyingi zinakimbia, na hapa ndipo nilipoona thamani ya mtu wa frigo. Kazi ya pampu si kutoa hewa tu. Inatoa pia maji yaliyojificha ndani, kwa kuyachemsha: ukishusha presha vya kutosha, maji yanachemka hata kwa nyuzi 25 na kutoka kama mvuke. Lakini lazima ushuke sana, chini ya kama milibari 30 za presha halisi, na uache pampu ifanye kazi muda mrefu. Dakika kumi za haraka haraka hazitoshi. Yeye aliiacha zaidi ya saa moja. Umeme ukakatika katikati, akafunga vali zote upesi ili mafuta ya pampu yasirudi ndani, akawasha jenereta, akaanza upya.

Kuna kijana alikuja kutazama, anasomea umekanika, akasema pampu ni mbovu kwa sababu sindano ya manometa haikufika kwenye bari moja chini ya sifuri. Fundi hakukasirika. Alimweleza kwamba Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu yenyewe haina presha ya bari moja nzima. Manometa inapima tofauti kati ya ndani na nje. Nje kuna kama bari 0.88, basi hata ukitoa kila kitu ndani, sindano itasimama karibu na hapo. Kule Matadi, chini karibu na usawa wa bahari, ingeshuka zaidi kwa pampu ile ile. Nimefurahia maelezo hayo kuliko hewa baridi yenyewe, kwa sababu mtu mmoja wa karakana ya kwanza aliwahi kuniambia sindano haifiki chini kwa kuwa “mfumo una hewa ya kizungu”.

Pampu ilipozimwa, sindano ilikaa palepale. Tulikunywa chai, tukarudi, haijasogea. Ndipo gazi.

Gazi ya R134a hapa inauzwa kwenye vichupa vya kilo 13.6, na si kila kichupa kina kilichoandikwa. Baadhi huchanganywa na gazi zinazowaka moto. Fundi ana kipimo chake cha haraka: anaunganisha manometa kwenye kichupa kilicholala kivulini tangu asubuhi. Kwa joto la nyuzi 25 R134a safi inapaswa kuonyesha kati ya bari 5.5 na 6. Ikizidi mno au ikipungua mno, anairudisha dukani. Si maabara, mchanganyiko mjanja unaweza kumpita, lakini ni bora kuliko kuamini rangi ya kopo. Baada ya hapo aliweka kichupa juu ya mizani na kuingiza gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha gari, basi. Hakujaza kwa kupapasa bomba na kusema “sasa ni baridi”.

Gazi hii haitoboi tabaka la ozoni, lakini kilo moja ikiachiwa hewani inapasha dunia joto kama zaidi ya kilo 1,300 za kaboni dioksidi. Mwaka 2016, pale Kigali, nchi zilikubaliana kupunguza gazi za jamii hii, kwa hiyo bei yake sitarajii ishuke. Sababu nyingine ya kutotaka kuimwaga barabarani kila msimu.

Gharama: kondensa mbili, draya, oringi, mafuta, usafiri na forodha vilinifikisha karibu dola 560. Fundi alichukua 140 pamoja na gazi na naitrojeni. Karakana moja ya mjini ilikuwa imenitajia 1,600, na walipoulizwa kama watapima kwa naitrojeni walijibu haina haja.

Nimeweka wavu wa alumini nyuma ya matundu ya bampa, wenye vitundu vya milimita 6 hivi. Unazuia maua, mifuko na majani ya miembe. Vijani vya jakaranda vinapita tu, kwa hiyo kabla ya mvua itabidi kuvinyonya kwa mashine ya kufagilia. Wavu wa mbu usiuweke, hata ukishauriwa na nani: unaziba upepo, na rejeta za injini ziko nyuma ya kondensa hizo hizo.

Kimoja hakijaisha. Klima ikiwashwa, feni zote mbili za mbele zinatakiwa kuzunguka polepole. Ya kushoto inangoja mpaka joto lipande ndipo iondoke kwa kasi kubwa, maana yake rezista ya spidi ndogo imekatika, maradhi ya kawaida kwa magari haya. Njia ya Likasi siioni tofauti, upepo unatosha. Nikisimama kwenye foleni mchana, hewa inapanda mpaka nyuzi 12 au 13. Rezista imeagizwa, inauzwa kama dola 30, na kuifikia ni lazima bampa litoke tena.