Nimeitangaza blogu yangu kila mahali, wasomaji wametoka kwenye gurupu la harusi

Blogu yangu ni ndogo, niseme mapema. Naandika mapishi ya Pwani kwa Kiswahili, nikiwa hapa Mombasa, na siku ikiwa njema wanaingia watu mia mbili, mia tatu. Anayetafuta njia ya kupata laki moja kwa wiki ataondoka hapa mikono mitupu. Ninachokijua ni vyombo nilivyovitumia kwa miaka mitatu kuwaita watu waje wasome: vipi vimeniletea wageni, na vipi vimenilia bando bure.

Nilianzia Facebook, kama wengi. Nikimaliza kuandika nanakili linki, naibandika kwenye ukurasa, naitia na emoji ya sufuria, kisha nakaa kungoja. Dada zangu wanalaiki, mwalimu wangu wa zamani analaiki. Nikifungua takwimu za blogu, waliobonyeza ni wawili, na mmoja wao ni mimi mwenyewe nikihakikisha kuwa ukurasa unafunguka. Baadaye nikajaribu kuweka picha peke yake na linki kuisogeza kwenye komenti ya kwanza. Walioiona picha waliongezeka. Waliobonyeza, hapana.

Kilichonifaa Facebook ni makundi ya mapishi, tena baada ya kufutiwa linki na maadmini mara kadhaa na kutia akili. Siku moja mama mmoja aliuliza mbona mahamri yake hayafuri. Nikamjibu palepale, jibu kamili, bila linki yoyote: ama unga umesukumwa mwembamba mno, ama mafuta hayajapata moto sawasawa, ama unga umeachwa ukaumuka kupita kiasi. Na hamri likishaelea, usilitazame tu, limwagie mafuta ya moto juu kwa kijiko. Kabla ya magharibi watu saba walikuwa wameniuliza kama nina mapishi yenyewe tangu mwanzo. Hapo ndipo nilipotoa linki, na admini hakuigusa kwa sababu ilikuwa imeombwa. Ukurasa huo mpaka leo ndio unaosomwa kuliko wote.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Nilituma linki ya biriani kwenye gurupu la familia, na picha iliyojitokeza chini yake ilikuwa ya kompyuta na kikombe cha kahawa, picha iliyokuja na ule muundo wa bure nilioutumia kutengenezea blogu. Mama akauliza, "Biriani yenyewe iko wapi?" Na kweli, nani atabonyeza kahawa akitarajia biriani? Nilikuja kujua kwamba kila ukurasa una sehemu ya siri inayoiambia WhatsApp na Facebook ionyeshe picha gani, huitwa og:image, na kwenye WordPress, programu ninayoitumia kutengenezea blogu, kazi yangu yote ilikuwa kuchagua picha kuu ya makala. Nikachagua, nikaipunguza uzito mpaka chini ya KB 300, nikatuma tena. Kahawa! Facebook huwa imeshaihifadhi ile picha ya kwanza. Wana chombo chao cha bure kinachoitwa Sharing Debugger: unabandika linki, unabonyeza waisome upya, basi. Nusu saa hiyo imenifaa kuliko miezi sita ya kuposti ovyo, na ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mtu anayeanza.

Kwa upande wa WhatsApp, kwa muda mrefu sikujua inanifanyia nini. Takwimu zangu zilionyesha kundi kubwa la wageni waliohesabiwa kuwa wamekuja moja kwa moja, yaani kama waliokaa wakaandika anwani ya blogu kwa vidole vyao. Nikawa najisifu kwamba jina langu limeshakaa vichwani. Mpwa wangu, aliye chuo, akanicheka. "Khalati, hawa hawakuja wenyewe. Hawa wametumiwa linki kwenye simu." Mtu akibonyeza linki ndani ya WhatsApp, mara nyingi takwimu hazijui alikotoka. Akanionyesha kuongeza kipande mwishoni mwa linki, ?utm_source=whatsapp, na kingine cha Facebook, na kingine cha Instagram, ili kila mgeni aingie na mlango wake. Baada ya mwezi mmoja ule umaarufu wangu ukayeyuka: wengi wa hao waliokuja wenyewe walikuwa wametoka WhatsApp.

Na ndani ya WhatsApp, mlango mkubwa ulikuwa gurupu la harusi. Binamu yangu alilifungua kwa ajili ya michango na sare, harusi ikaisha, bibi harusi sasa ana watoto wawili, gurupu bado lipo. Wamo mashangazi, makhalati, majirani wa zamani, na wale waliohamia Maskati na London. Siku moja niliweka picha ya hamri moja tu, nimelipasua katikati, tundu liko wazi na mvuke unatoka. Sikuandika neno. Ikaja sauti ya mama mmoja wa makamo, nyuma yake kuku wanasikika: "Mwanangu, hiyo nazi ni ya kukuna ama ya pakiti?" Nikajibu ya kukuna, tui la kwanza. "Na iliki umetia kiasi gani? Hebu niandikie, mimi sina kichwa cha kushika." Nikamtumia linki.

Jioni ile takwimu zilionyesha watu kumi na tisa kutoka Oman. Sikuwa nimewahi kupata hata watatu. Yule mama alikuwa amempelekea dadake, dadake naye akawapelekea wenzake. Asubuhi nikakuta komenti: kibaba ni gramu ngapi, kwa sababu huku hatuna kibaba. Nikatoa mizani, nikapima upya mapishi yote thelathini na kitu, na sasa kila moja lina vikombe na gramu. Hilo halikuwa kwenye mpango wangu wa matangazo, lakini tangu hapo wageni wa nje wanasoma mpaka mwisho, hawaishii katikati.

Tangu siku hiyo nimeshika njia ileile kwenye stetasi pia. Asubuhi picha bila linki. Wanaouliza nawapelekea mmoja mmoja, na usiku naiweka linki kwa waliobaki. Stetasi hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo nisipoweka leo nimesahaulika kesho. Inachosha, sitaficha, hasa mtu anapouliza jambo lilelile alilouliza Jumanne. Ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi pia naitumia. Inachukua watu 256, lakini humfikia tu yule aliyeihifadhi namba yako, na mimi niligundua hivyo baada ya kutuma wiki nzima kwa watu ambao wengi hawakuwa wakipata chochote. Kupeleka mbele nako kumewekewa mipaka tangu 2019, gumzo tano kwa mara moja. Wengine hulalamika. Mimi naona sawa, maana akinipeleka mtu, kawachagua anaowapelekea. Chaneli nilifungua zilipokuja mwaka 2023. Wafuasi wanaongezeka vizuri, ila ni kama kuhutubia ukuta wenye vidole gumba. Maswali, ambayo ndiyo riziki yangu, hayaji.

Instagram ni nzuri kwa sifa. Linki ukiiandika chini ya picha haibonyezeki, mtu lazima aende kwenye wasifu wako, na akifika huko ameshaona video ya paka. Ile stika ya linki kwenye hadithi (zile stories) ndiyo inayosaidia kidogo. TikTok nilitengeneza video ya kukuna nazi, ikatazamwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kuingia kwenye blogu, na waliokuja kusoma wakatoshea kwenye matatu moja. X, ile iliyokuwa Twitter, niliiacha bila ugomvi.

Iliyonishangaza ni Pinterest, mtandao wa kutafuta na kuhifadhi picha. Hakuna rafiki yangu hata mmoja anayeitumia. Niliweka picha ya kaimati, ndefu, wima, niliyoitengeneza kwa programu ya Canva, jina nikaliandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwa sababu huko watu huitumia kutafuta zaidi kuliko kupiga soga. Miezi minne kimya. Kisha Sha'aban ilipoanza watu wakaanza kuingia kutoka kwenye picha hiyohiyo, na kila mwaka kabla ya Ramadhani inaamka tena bila mimi kuigusa. Kwa mtu wa mapishi, ushoni au mapambo ya nyumba, ningesema hapo pana kazi ya kufanya mara moja ukala muda mrefu. Mwandishi wa siasa asisumbuke.

Kulipia nako nimelipia, mara moja. Mtandao mmoja mkubwa ulinishawishi kwamba kwa shilingi 1,500 posti yangu ya pilau ingewafikia maelfu. Iliwafikia. Nilipata laiki zaidi ya mia nne, nyingi kutoka akaunti zisizo na picha, na wasomaji watatu. Nikiri kwamba na mimi nilichagua nchi nzima, wanaume kwa wanawake, umri wowote, kama anayemwaga mtama uwanjani. Labda aliyejifunza kuchagua watu hupata chake. Mimi kwa pesa hiyo hununua nyama ya pilau nikapiga picha mpya. Kuna na kijana aliyenijia kwa ujumbe akiuza wafuasi elfu tano. Huyo hata sikumjibu.

Kupanga posti natumia Buffer, toleo la bure, linalokubali akaunti tatu. Nakaa Jumapili na chai yangu napanga wiki nzima ya Facebook, Instagram na Pinterest, kisha simu naiachia WhatsApp, ambako sijaona chombo cha kunijibia maswali ya mama zangu, wala sikitaki.

Jana usiku yule mama wa kuku ameleta sauti nyingine, ya dakika nne. Anataka mkate wa sinia, lakini ule wa zamani wa tui na mchele wa kuroweka, si huu wa unga wa pakiti, na anataka nieleze kwa nini wake huchuja maji chini. Sijawahi kuuandika. Mchele nimeuroweka, mizani iko mezani, na picha ya kwanza, bila linki, itakwenda gurupu la harusi.