Fainali ya hurling kwenye runinga: mchezo wameupatia, mashujaa wa zamani wamewapunja

Haya ni maoni ya mteja. Mwezi Julai 2025 niliitazama fainali ya Ayalandi Nzima ya hurling nikiwa nyumbani Manchester, kupitia huduma ya michezo ya kulipia inayorushwa kwa intaneti. Jina la huduma hiyo sitalitaja, kwa sababu kasoro ninayotaka kuieleza nimewahi kuiona, kwa viwango tofauti, kwingine pia nilikoutazama mchezo huu. Mwaka uliotangulia nilibahatika kuwa ndani ya uwanja wa Croke Park, Dublin, siku ya fainali, kwa tiketi niliyotafutiwa na mfanyakazi mwenzangu mzaliwa wa kaunti ya Cork, na kwa hiyo ninalinganisha nilichokiona kwa macho yangu na nilichooneshwa kwenye skrini. Mchezo wenyewe unarushwa kwa ustadi mkubwa. Heshima wanayopewa wachezaji wa zamani siku hiyohiyo, kwa upande mwingine, inageuzwa kuwa mwanya wa kupitishia matangazo ya biashara.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, hurling huchezwa na wachezaji 15 kila upande, kila mmoja akiwa na fimbo ya mbao iliyopanuka mwishoni, iitwayo camán, wakiugombea mpira mdogo wa ngozi uitwao sliotar ambao ukipigwa sawasawa unaweza kupita kasi ya kilomita 150 kwa saa. Mpira ukipita chini ya mtambaa wa panya na kutikisa nyavu ni goli, nalo lina thamani ya pointi 3. Ukipita juu yake, katikati ya nguzo mbili, ni pointi 1. Magoli huandikwa kwanza, pointi zikafuata, hivyo 3-27 maana yake ni magoli 3 na pointi 27, yaani jumla ya 36. Mechi kubwa za kaunti huchukua dakika 70, na ndani ya dakika hizo mpira hautulii.

Kutotulia huko ndiko kunakowapa kazi watu wa kamera, na hapa sina budi kuwapongeza. Fainali ya 2025 ilizikutanisha kaunti za Tipperary na Cork. Cork walikwenda mapumzikoni wakiongoza kwa pointi 6, na kila aliyekuwa akitazama aliamini kwamba kiu yao ya tangu 2005 ilikuwa inakwisha. Kipindi cha pili walipata pointi 2 tu, mbili kavu, huku Tipperary wakiwamiminia magoli 3 na pointi 14, na ubao ukasomeka 3-27 kwa 1-18. Runinga ilitusaidia kuelewa namna mambo yalivyoharibika kwa upande mmoja. Tulioneshwa kwa marudio ya polepole magoli mawili ya John McGrath; tukaoneshwa Eoin Downey akipewa kadi nyekundu na penalti iliyofuata ikitiwa wavuni na Darragh McCarthy, kijana ambaye katika michuano ya mwaka huohuo alikuwa ametolewa nje kwa kadi nyekundu zaidi ya mara moja na ambaye siku ya fainali alimaliza na goli 1 na pointi 13; tukamwona kipa Rhys Shelly akipangua penalti ya Cork kisha, kana kwamba hiyo haikumtosha, akafunga na pointi yake mwenyewe. Sauti ilikuwa safi, picha haikukwama hata mara moja, na mtangazaji alijua kunyamaza pale ambapo kelele za jukwaa zilikuwa zinaeleza vizuri kuliko maneno.

Lawama ndogo niliyonayo kuhusu mchezo ni hii ya marudio. Katika hurling kipa hasubiri mtu: mpira ukishatoka nje anauanzisha papo hapo, na mara nyingi anaupiga hadi nusu ya pili ya uwanja ambao urefu wake hufikia mita 145. Mwongozaji wa picha anapoendelea kutuonesha kwa pembe tatu pointi iliyokwisha kufungwa, tunarudi uwanjani na kukuta mpira uko mikononi mwa mtu mwingine kabisa, wala hatujui umefikaje. Makocha wa siku hizi hujenga mbinu zao nyingi juu ya mpira huo wa kipa, na kuukosa ni kukosa sehemu kubwa ya maarifa ya mchezo. Hata hivyo hilo ninaweza kulivumilia.

Nisiloweza kulivumilia linatokea kabla ya mechi kuanza.

Chama cha GAA, kilichoasisiwa Thurles mwaka 1884 na ambacho ndicho kinachousimamia mchezo huu, kina desturi ya kuwaita uwanjani, siku ya fainali, mabingwa wa miaka 25 iliyopita. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Cork ya 1999. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa juu, nikiwa na mkate wangu wa nyama na sina habari yoyote, pale msemaji wa uwanja alipoanza kuyasoma majina na wanaume wenye suti wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenye kona wakielekea katikati ya nyasi. Wengine walikuwa bado wamekakamaa kama askari, wengine vitambi vimewatangulia, na mmoja alichechemea kwa namna ambayo watu wa nyuma yangu walianza kubishana ni goti gani na liliumia mwaka gani. Kila jina lilipotajwa, sehemu fulani ya jukwaa ililipuka kwa shangwe, kwa sababu pale ndipo walipokaa watu wa klabu yake ya kijijini. Mwanamume aliyekaa jirani yangu, mtu mzima ambaye hatukuwa tumesemeshana hadi wakati huo, alinielezea kila mchezaji: huyu ni fulani, alicheza upande wa kulia, alikuwa na mkono mwepesi, ndugu yake naye alicheza. Kwa dakika chache nilipata somo ambalo sijalipata kwenye kipindi chochote cha uchambuzi.

Timu ile ya 1999 ina mambo mengi ya kusimulia. Iliifunga Kilkenny kwa pointi 13 kwa 12, bila goli hata moja kwa pande zote mbili, siku ya mvua, ikiwa chini ya kocha Jimmy Barry-Murphy na nahodha Mark Landers. Kilkenny walikuwa katika msimu wa kwanza wa Brian Cody, kocha ambaye baadaye aliutawala mchezo huu kwa miaka mingi. Golini mwa Cork alikuwapo Dónal Óg Cusack, ambaye watazamaji wa leo wanamjua zaidi kama mchambuzi wa runinga. Alikuwapo pia Seán Óg Ó hAilpín, mzaliwa wa Fiji, mama yake akiwa mtu wa Rotuma, aliyefika Cork akiwa mtoto na mwaka 2005 akalinyanyua kombe la Liam MacCarthy, ambalo ndilo kombe la ubingwa huu, kama nahodha na kutoa hotuba yake kwa lugha ya Kiayalandi. Mimi niliyehamia ugenini nikiwa mtu mzima nilimtafuta kwenye kumbukumbu za picha usiku uleule, na nilijifunza mengi kuhusu nafasi ya mgeni katika jamii ile. Na Pat Ryan, aliyekuwa kocha wa Cork siku ile ya 2024, naye alikuwa kwenye kikosi cha 1999. Wakati wenzake wanaitwa, yeye alikuwa na timu ya kuandaa. Walioshinda kwa pointi 1 mwaka 1999 waliishuhudia kaunti yao ikipoteza kwa pointi 1 mbele yao, 3-29 kwa 1-34, baada ya muda wa ziada, dhidi ya Clare inayofundishwa na Brian Lohan, beki wa mabingwa wa 1995 na 1997. Ukiijua historia hiyo, fainali ya 2024 inakuwa na uzito maradufu.

Mwaka uliofuata nilikaa mbele ya runinga mapema, makusudi, nikisubiri kuitwa kwa Kilkenny ya 2000, timu iliyoisambaratisha Offaly 5-15 kwa 1-14 chini ya nahodha Willie O'Connor, na ambayo ndani yake alikuwamo kijana Henry Shefflin akichukua medali yake ya kwanza kati ya 10. Nilichokipata ni picha ya uwanja kutoka juu, sauti ya msemaji ikisikika kwa mbali kama redio ya jirani, na kisha tukarudishwa kwenye meza ya wachambuzi walioendelea kujadili nani atamkaba nani. Yakafuata matangazo ya bima na ya magari. Tuliporudi uwanjani, wanaume wale walikuwa wanatoka, migongo yao ikielekea kamera. Hakuna jina lililoandikwa chini ya skrini, na hakuna hata sekunde 10 za picha za mwaka 2000. Muda si mrefu Bendi ya Artane ikaanza kuziongoza timu mbili kuzunguka uwanja, jambo ambalo, kwa haki, lilioneshwa kwa ukamilifu na kwa uzuri wake wote.

Kwa nini ninalishupalia jambo hili? Kwa sababu wachezaji wa hurling hawalipwi mshahara. Bingwa wa Jumapili hurudi kazini kwake, awe mwalimu, mkulima au karani wa benki, na hakuna klabu tajiri itakayomnunua wala mkataba utakaomstaafisha. Anachobaki nacho ni medali, jina lake kwenye midomo ya watu wa kaunti yake, na siku hii moja anapoitwa tena Croke Park akiwa amekaribia au amevuka miaka 50. Wapo pia wasiofika, na desturi ni kwamba mtu wa familia hutembea badala ya marehemu. Kuikata hafla ya namna hiyo ili kuuza bima ni kukosa adabu, na sidhani kwamba anayefanya hivyo kwenye chumba cha kuongozea matangazo ana nia mbaya. Nadhani tu hajapata kuketi kwenye jukwaa lile.

Wala hawawezi kusema kwamba nyenzo hazipo. Mchezo huu ulianza kutangazwa moja kwa moja redioni mwaka 1926, katika nusu fainali ya Kilkenny na Galway, na fainali ya 1962, ambapo Tipperary waliifunga Wexford, ilioneshwa moja kwa moja kwenye runinga miezi michache tu baada ya runinga ya taifa ya Ayalandi kuwashwa. Maana yake ni kwamba kila timu inayotimiza miaka 25 leo ina picha zake, za rangi na za kutosha. Mwaka 2023 ilipofika zamu ya Offaly ya 1998, ni mkasa gani ungekuwa mtamu zaidi kwa runinga? Nusu fainali yao ya marudiano dhidi ya Clare ilimalizwa na mwamuzi kabla ya muda kutimia, mashabiki wa Offaly wakaingia na kuketi kwenye nyasi za Croke Park wakikataa kuondoka, mechi ikarudiwa Thurles, Offaly wakashinda, kisha wakaifunga Kilkenny 2-16 kwa 1-13 kwenye fainali. Picha za watu wale walioketi uwanjani zingetosha kumfanya hata mtazamaji mgeni aache simu yake.

Ninachoomba si kipindi kizima. Mchezaji anapotajwa, jina lake na la klabu yake liandikwe chini ya skrini. Kwenye kona ya picha aoneshwe alivyokuwa miaka 25 iliyopita akipiga mpira. Na mtangazaji awe kimya ili tusikie jukwaa linavyomwitikia. Shughuli yote huchukua dakika chache, na wachambuzi wana saa nzima kabla yake na jioni nzima baada yake. Wengi wa wachambuzi hao ni mabingwa wa zamani wenyewe, na ukweli ni kwamba wanapoachiwa waeleze walivyojisikia chumbani kabla ya fainali zao, huwa wanapendeza kuliko wanapochora mishale kwenye skrini.

Kuhusu gharama, mtu aliyeko Ayalandi hana haja ya kulipa ili aione fainali, kwa sababu sheria ya nchi hiyo inaitaka ioneshwe bure. Sisi tulioko nje tunategemea vituo vinavyonunua haki, na kwa mechi yenyewe sijutii pesa niliyotoa. Kwa ndugu zangu walioko Mombasa na Dar es Salaam wanaopenda kujaribu, mpira huanza saa 9:30 alasiri kwa saa za Dublin, ambayo ni saa 11:30 jioni kwenu, Jumapili moja ya mwezi Julai. Mechi naipa alama 9 kati ya 10, na hafla ya mabingwa wa zamani naipa 3.

Kwa kufuata desturi, Julai 2026 ni zamu ya Tipperary ya 2001, waliowafunga Galway 2-18 kwa 2-15 chini ya kocha Nicky English na nahodha Tommy Dunne, wakiwa na chipukizi wawili, Eoin Kelly na Lar Corbett. Corbett ndiye ambaye miaka tisa baadaye alifunga magoli matatu kwenye fainali na kuizuia Kilkenny isitwae kombe la tano mfululizo. Nimewaandikia wahudumu wa wateja kuwauliza kama jina lake litaandikwa kwenye skrini, na jibu lao ndilo litakaloamua kama ninalipia kwao tena au ninatafuta kituo kingine.