Chai za Kichina za kuvundikwa na za miaka mingi: uanze na ipi, ipi uiache kwanza

Ndugu zetu wanaokuja Guangzhou kufata mzigo wananiulizaga sana hii, wanataka wabebe chai ya Kichina ya zamani waende nayo nyumbani, afu wanaingia soko la chai la Fangcun wanakuta maduka hayana mwisho na kila muuzaji anasema yake ndo kongwe. Nawapangia hapa kwa jinsi ambavyo ningemnunulia mdogo wangu.

Kwanza majina, maana hapo ndo watu wanapotea. Chai yetu ya rangi Wachina wanaiita nyekundu. Wakisema chai nyeusi, heicha, wanamaanisha hizi ambazo majani yamechachishwa na vijidudu kisha yakawekwa.

Namba moja ni puer iliyoiva, wanaiita shou. Puer ni chai ya mkoa wa Yunnan. Majani yanarundikwa, yanamwagiwa maji, yanafunikwa, rundo linapata joto lenyewe kwa wiki kadhaa, yaani ni kama unavyovundika ndizi. Njia hii ilikamilishwa kwenye kiwanda cha Kunming mwaka 1973, kabla ya hapo ilibidi usubiri miaka. Ukiinywa haina ukali, rangi nzito kama kahawa, harufu ya udongo ulionyeshewa na utamu wa mbali kama wa tende. Tafuta keki, yaani chai iliyoshindiliwa ikawa duara, ya Menghai yenye namba 7572, na hapa sikiliza vizuri: 75 ni mwaka ambao mchanganyiko ulibuniwa, 7 ni daraja la majani, 2 ni kiwanda cha Menghai. Sio mwaka wa kutengenezwa! Kuna duka waliniambia kabisa kwamba ni chai ya 1975, tarehe nikaikuta imegongwa nyuma ya karatasi, ilikua na miaka mitatu tu. Keki ni gramu 357, ukitumia gramu 5 kila ukikaa kunywa unapata zaidi ya mara 70, na majani yale yale unayamiminia maji mara sita au zaidi, kwa hiyo bei yake haiumi.

Ya pili Liu Bao ya Guangxi, ile waliyokua wanakunywa Wachina wachimba bati kule Malaya, Malaysia ya leo. Laini, na nyingi zinauzwa majani huru kwahiyo huhitaji kisu cha kubomolea.

Ya tatu tofali la Fu, yaani chai iliyoshindiliwa kama tofali, la Anhua kule Hunan. Ukilivunja utaona vitone vya njano kama unga wa dhahabu, usitupe, hiyo ni kuvu nzuri inayooteshwa makusudi na wanaiita maua ya dhahabu. Ila ukiona manyoya, au kijani, au weusi, huo ni ukungu, rudisha.

Ya nne puer mbichi, sheng, yaani isiyovundikwa kwenye rundo, ikiwa bado changa. Ina uchungu na ukakasi, tumbo tupu itakusumbua, hii subiri mpaka uzoee.

Ya mwisho kabisa ni sheng kongwe za miaka 20, 30. Chai yenyewe ikiwa ya kweli ni tamu mno, tatizo karatasi ya zamani inachapishwa upya kirahisi na mgeni hana cha kulinganishia. Mimi nilinunua moja nikaambiwa ni ya miaka ya tisini, nikafika nyumbani nikaifungua ikanuka godoro lililolowa, nikasuuza mara tatu harufu iko pale pale, nikaitupa na hela ikaenda. Usinunue umri ambao hujauonja. Kaa dukani uonjeshwe, hawakatai, na ukiona wanakataa ondoka.

Kupika: maji yatokote kabisa, mimina ya kwanza sekunde kumi umwage, yanayofata ndo unywe. Usiweke sukari wala maziwa kwanza, jaribu hivyo hivyo.

Kutunza sasa, na hili naliomba sana kwa watu wa Dar na Mombasa. Chai hii inabeba harufu, usiiweke jikoni karibu na bizari wala kabati la nguo zilizofukizwa udi. Iache kwenye karatasi yake, ndani ya boksi la karatasi, juu mbali na sakafu, kivulini, na msimu wa mvua uifungue kila wiki uinuse.